Majibu ni ya Kiswahili, basi rasimu za viwango vya madodoso ya tiba tuzisome na kuzijibu

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumzie jambo ambalo halijawa habari ya ukurasa wa kwanza na pengine halitakuwa. Ni viwango vya data vya madodoso ya utafiti wa tiba, na hasa zile wiki chache ambazo rasimu ya kiwango huwekwa hadharani ili yeyote anayetaka aitolee maoni kabla haijapitishwa. Wiki hizo hupita, rasimu hupitishwa, kisha miaka miwili baadaye wasimamizi wa takwimu wa upande wetu huanza kulalamika kwamba kiwango hakiwafai. Wahenga walikwisha sema: asiyekuwapo na lake halipo.

Tuanze na kitu chenyewe. Utafiti wa dawa hauishii kwenye kupima damu na uzito. Mshiriki huulizwa analalaje, ana huzuni kiasi gani, maumivu yamemzuia kazi gani. Maswali hayo hayatungwi upya kila mara. Hutumika madodoso yaliyokwisha kutungwa na kupimwa, kama PHQ-9 kwa sonona, PSQI kwa usingizi, au EQ-5D kwa hali ya afya kwa jumla. Shida huja majibu yanapohifadhiwa. Taasisi moja huliita swali la kwanza q1, nyingine phq_a, nyingine huzuni1, na anayepokea faili kumi ana misamiati kumi ya kujifunza. Shirika la CDISC, lililoanza mwaka 1997 kama kikundi cha watu wa kujitolea, ndilo linaloandika viwango vya kuondoa fujo hiyo. Kwa madodoso, hutoa kiambatisho kimoja kwa kila dodoso: fomu yenye maelezo pembeni, orodha ya misimbo ya maswali, na mifano ya data iliyopangwa safu kwa safu. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, hudai data za maombi ya kusajili dawa zije katika viwango hivi kwa tafiti zilizoanza baada ya tarehe 17 Desemba 2016. Japani nayo imelifanya sharti tangu Aprili 2020.

Wapo watakaosema hayo ni ya huko. Jaribio la awamu ya tatu la chanjo ya malaria ya RTS,S, kati ya 2009 na 2014, lilihusisha watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika. Bagamoyo na Korogwe vilikuwamo, na kwa upande wa Kenya vilikuwamo Kilifi, Siaya na Kombewa. Matokeo yake yalikaguliwa Ulaya. Hivyo ndivyo kazi hii ilivyo: taarifa hukusanywa barazani kwetu na kusomwa mezani kwa watu ambao hawajawahi kumsikia mama akiulizwa hali yake akajibu "si haba". Nayo madodoso ya Kiswahili si mageni. Toleo la Kiswahili la SF-36, dodoso jingine la hali ya afya kwa jumla, lilipimwa Dar es Salaam na matokeo yakachapishwa 1999, na PHQ-9 imepimwa kwa Kiswahili Kenya na Tanzania, tena kwa matoleo yasiyofanana maneno.

Kabla ya mtu kuandika maoni, ajue kwanza kinachoweza kubadilishwa na kisichoweza. Hapa ndipo juhudi nyingi hupotea. Kiambatisho cha CDISC hakibadilishi maneno ya dodoso. Maneno ni ya mwenye dodoso, na mengi kati ya haya yana hakimiliki. Ndiyo maana kiambatisho hakitolewi bila ruhusa ya mwenye mali, isipokuwa pale dodoso lilipo huru kwa wote. Kuandika kwamba swali la tatu limekaa vibaya na lingeulizwa hivi au vile ni kupeleka kesi ya shamba kwenye baraza la ndoa. Hoja hiyo ipelekwe kwa mwenye dodoso au kwa waliotafsiri. Kinachoweza kubadilishwa kwenye rasimu ni jina la dodoso na toleo lake, msimbo na jina fupi la kila swali, jinsi jibu la maneno linavyogeuzwa namba, muda ambao swali linauzungumzia, mahali pa kuweka jumla ya alama, namna ya kuonyesha swali ambalo halikujibiwa, na mifano. Eneo hilo si dogo.

Safu zinazohusika ni chache na zinafaa kujulikana kwa majina. QSCAT hubeba jina la dodoso. QSTESTCD ni msimbo wa swali. Hauzidi herufi nane wala hauanzi na tarakimu, kwa sababu huweza kugeuzwa kuwa jina la safu. QSTEST ni jina fupi la swali, mwisho herufi 40. QSORRES ni jibu kama lilivyopatikana, QSSTRESC ni jibu hilo katika sura ya kiwango, na QSSTRESN ni namba yake. QSEVLINT ni muda unaoulizwa. Wiki mbili zilizopita huandikwa -P2W. QSSTAT husema kama swali halikufanyika, na QSREASND husema kwa nini.

Chukua PHQ-9. Ina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja likiwa na alama 0 hadi 3, na jumla 0 hadi 27. Mipaka ya ukali wa sonona ni 5, 10, 15 na 20. Swali la nane huuliza mambo mawili yanayopingana kwa pamoja: kutembea au kuzungumza polepole hadi wengine wakaona, au kinyume chake, kuhangaika kusikotulia. Herufi 40 hazitoshi kuyabeba yote, hivyo lazima kitu kikatwe. Msomaji wa rasimu aangalie nini kimekatwa. Jina fupi likibaki na nusu ya kwanza tu, mchambuzi asiye na fomu mbele yake ataamini kwamba swali linahusu mwendo wa polepole peke yake. Swali la tatu, la usingizi, na la tano, la hamu ya chakula, yana mtego uleule: kukosa au kuzidisha. Hoja nzuri hapa hupendekeza jina jingine na kulihesabu herufi, nafasi zikiwamo. Lenye herufi 43 halitapita hata likiwa zuri namna gani.

Kinachoharibika zaidi ni namba. Madodoso mengi yaliyochapwa upya na vituo huwa na majibu yaliyopangwa 1, 2, 3, 4, kwa kuwa aliyechapa aliona kuanza na sifuri ni ajabu. Basi mtu mzima wa afya, aliyejibu "hapana kabisa" mara tisa, hupata jumla ya 9. Akiongeza "siku kadhaa" kwenye swali moja tu, la uchovu labda, anafika 10, na 10 ndiyo alama inayotumiwa sana kumhesabu mtu kuwa na sonona ya kiwango cha kati. Kijiji kizima chaweza kuugua kwa kosa la mchapaji. Rasimu inayoonyesha waziwazi kwenye mfano wake kwamba QSORRES ina maneno na QSSTRESN ina 0 humwokoa mtu huyo. Isiyoonyesha hata mstari mmoja wenye 0 inastahili kuandikiwa.

Kosa la pili ni namba za kuficha ukimya. Kituo huamua kwamba jibu lililokosekana liandikwe 9, kingine 99, kingine 88 kwa aliyekataa na 99 kwa asiyejua. 99 hujifichua yenyewe, maana jumla inaruka juu ya 27 na kila mtu anashtuka. 9 ndiyo hatari. Mtu mwenye alama 3 aliyeacha swali moja anakuwa na 12, na 12 inaonekana halali kabisa. Kiwango hakina nafasi ya namba hizo: swali lisilojibiwa huwekewa alama kwenye QSSTAT, sababu ikijulikana inakwenda QSREASND, na safu za majibu hubaki tupu. Lakini ukimya si wa aina moja. Lipo swali lililorukwa kwa sababu fomu yenyewe imeagiza, kwa mfano asiyevuta sigara haulizwi anavuta ngapi. Lipo lililokataliwa na mshiriki. Lipo ambalo mhojaji alilisahau. La kwanza lina namna yake ya kuandikwa katika viwango hivi, na rasimu ya dodoso lenye maswali ya kuruka isipokuwa na mfano wake haijakamilika. Andika hivyo hivyo, na utaje namba ya swali linalorukwa.

Tukiwa hapo hapo kwenye PHQ-9, baada ya yale tisa lipo swali la kumi la nyongeza, lile la jinsi matatizo yalivyomtatiza mtu kazini na nyumbani, nalo haliingii kwenye jumla. Programu za vishikwambi hulijumlisha mara kwa mara kwa sababu aliyeziandika aliona maswali kumi akajumlisha kumi. Ukikuta jumla ya 28, 29 au 30, umempata.

Na jumla yenyewe, nani ameijumlisha? Iliyoandikwa na mhudumu kwenye fomu huchukuliwa kama taarifa iliyokusanywa, hata kama amekosea hesabu. Iliyokokotolewa na wenye utafiti huwekewa Y, yaani ndiyo, kwenye safu ya QSDRVFL. Majibu tisa yakijumlisha 14 na fomu ikawa na 13, si kazi ya msimamizi wa takwimu kuifuta 13 kimyakimya. Hupeleka swali kituoni, na hesabu sahihi hufanywa kwenye faili la uchambuzi. Hali kadhalika majibu yakikosekana moja au mawili. Kujaza pengo kwa wastani wa yaliyojibiwa ni kazi ya uchambuzi, na jibu lililojazwa hivyo halipaswi kuonekana kwenye data ghafi kana kwamba mshiriki alisema. Rasimu nyingine hupita haraka kwenye jambo hili. Ni mahali pazuri pa kuuliza.

Sasa yaliyo yetu wenyewe, ambayo mtu asiyekizungumza Kiswahili hawezi kuyaona hata akikodoa macho.

La kwanza ni "ndiyo". Muulize mtu "Hukupata usingizi jana?" Akisema "ndiyo", anakubaliana nawe: ndiyo, sikupata. Mkaguzi anayesoma kwa Kiingereza anaona Y kwenye safu ya jibu na jina fupi la swali linalohusu usingizi, akaelewa kwamba mtu alilala. Madodoso yenye maswali ya kukanusha yanahitaji jina fupi linalobeba ukanushi huo. Jina likiwa "usingizi" tupu, halafu jibu Y, hakuna awezaye kujua kilichosemwa. Hoja kwenye rasimu iwe hivi: jina fupi la swali fulani limepoteza neno la kukanusha, lirudishwe, na hili hapa pendekezo lenye herufi kadha.

La pili ni saa. PSQI, dodoso la usingizi la mwaka 1989, humuuliza mtu kwa kawaida hupanda kitandani saa ngapi, huamka saa ngapi, na hulala kwa saa ngapi hasa. Kutokana na hayo hupatikana ufanisi wa usingizi: saa alizolala gawanya kwa saa alizokaa kitandani, mara 100. Ufanisi wa 85 au zaidi hupewa alama 0, chini ya 65 hupewa 3. Mshiriki anasema hulala saa nne usiku na kuamka saa kumi na mbili asubuhi, na usingizi wenyewe ni saa saba. Kwa saa ya kimataifa ni 22:00 na 06:00, kitandani saa nane, ufanisi 87.5, alama 0. Mhojaji akigeuza ya kwanza na kuiacha ya pili, kishikwambi hupokea 22:00 na 12:00. Kitandani sasa ni saa 14, ufanisi ni 50, alama 3. Mtu aliyekuwa na jumla ya 4 amekuwa na 7, na katika PSQI jumla inayozidi 5 ndiyo huhesabiwa usingizi mbaya.

Mhojaji asipogeuza zote mbili mambo ni ya ajabu zaidi. 04:00 hadi 12:00 ni saa nane vilevile. Ufanisi unatoka sawasawa, ukaguzi wa hesabu unapita, na faili linabaki na mtu anayepanda kitandani alfajiri na kuamka adhuhuri. Hakuna kompyuta itakayolalamika. Kosa hilo hukamatwa kwa kuangalia mtawanyiko wa saa za kulala kituo kwa kituo: kituo ambacho watu wake wengi hulala kati ya 02:00 na 05:00 kina wahojaji wasiogeuza saa, labda kiwe cha walinzi wa usiku. Dawa yake ni fomu yenye vyumba viwili, saa ya Kiswahili na kipindi cha siku, kisha programu igeuze. Kiwango kinadai saa iandikwe kimataifa, na hilo ni sawa. Tunachoweza kukiomba kwenye maoni ni tahadhari ya mstari mmoja kwamba katika lugha nyingine saa huhesabiwa tangu mapambazuko, na kwamba saa iliyotamkwa ihifadhiwe kwenye fomu kabla haijageuzwa.

La tatu ni lugha ya jibu na ya toleo. Misimbo na majina ya majibu katika viambatisho hivi yamejengwa juu ya fomu ya Kiingereza. Fomu ya mshiriki ina "siku kadhaa". Ya jirani ina "baadhi ya siku". Nyingine "siku chache". Zote huishia kwenye namba 1 na maneno yaleyale ya Kiingereza, na tofauti hufutika. Kwa hesabu haidhuru. Kwa anayetaka kujua kwa nini kituo kimoja kina alama 1 nyingi kuliko kingine, inadhuru sana, kwani "siku chache" na "siku kadhaa" haziko sawa kwenye sikio la Mswahili. Kwa hiyo kila rasimu ya dodoso linalotumika kwa lugha zaidi ya moja iulizwe maswali matatu: lugha ya fomu iandikwe wapi, nchi ya toleo iandikwe wapi, na namba ya toleo la tafsiri iandikwe wapi. Toleo la Kenya na la Tanzania la dodoso moja yaweza kutofautiana hata kwa neno la sonona lenyewe. Kuyaandika yote "Kiswahili" basi hakutoshi.

La nne ni nani aliyesoma swali. PHQ-9 iliundwa mtu ajijazie. Kwetu mara nyingi husomewa, iwe kwa sababu ya macho, ya kutojua kusoma, au kwa kuwa ndivyo kituo kilivyozoea. Mtu anayeulizwa kwa sauti na binti wa rika la mwanawe kuhusu mawazo ya kujidhuru, swali la tisa hilo, hajibu kama anayejaza mwenyewe pembeni. Namna ya kuuliza ni taarifa, nayo inahitaji mahali pake kwenye data. Rasimu ambayo mfano wake hauonyeshi mahali hapo, hilo ni la kuandikiwa.

Madodoso yanayojazwa na tabibu nayo yana yake. Katika kipimo cha Hamilton cha sonona chenye vipengele 17, jumla yake 0 hadi 52, kipengele cha 16 kina sehemu A, kupungua uzito kwa maelezo ya mgonjwa, na sehemu B, kwa kupima kila wiki. Hujazwa moja tu. Zikijumlishwa zote, jumla huweza kufika 54. Kwenye fomu nyingi sehemu hizo zina chaguo la 3 lenye maana ya "haikupimwa". Hiyo si alama, lakini hujumlishwa na asiyesoma. Tena sehemu B huhesabu kwa ratili: zaidi ya ratili moja kwa wiki ni alama 1, zaidi ya mbili ni alama 2. Ratili moja ni kilo 0.45. Mizani ya kliniki inayosoma kilo nzima nzima haiwezi kuona tofauti hiyo, na hakuna kiwango cha data kitakachoponya mizani.

Kuhusu EQ-5D tuseme machache. Vipengele vitano, kila kimoja na ngazi tano katika toleo jipya, hutoa hali 3,125 kuanzia 11111 hadi 55555, pamoja na kipimo kinachofanana na pimajoto, 0 hadi 100. Mshiriki huweka alama kwenye mstari na kuandika namba kwenye kisanduku. Zikipishana, namba ya kisanduku ndiyo hutumika. Mwongozo wake hutumia 9 na 999 kwa majibu yaliyokosekana, na hizo ndizo huvuja hadi kwenye wastani. Tarakimu tano zikigeuzwa kuwa thamani moja, lazima ijulikane zimegeuzwa kwa jedwali la nchi gani, kwa sababu hali ileile hutoa thamani tofauti kwa jedwali tofauti.

Basi hoja huandikwaje? Maoni ya CDISC hupelekwa mtandaoni, na anayeyasoma ni mtu wa kujitolea mwenye kazi yake nyingine mchana. Hoja moja iwe jambo moja. Taja hati, ukurasa, jedwali, mstari na safu. Sema kilichopo, sema tatizo lake, kisha andika maneno unayotaka yawekwe. Ukiandika "mifano haieleweki", huyo bwana hana la kufanya isipokuwa kukushukuru. Ukiandika "Jedwali la mfano, mstari wa 4: QSORRES ina maneno ya ngazi ya kwanza lakini QSSTRESN ina 1, kwenye fomu ngazi hiyo ni 0, iwe 0", atarekebisha kwa dakika mbili. Tenganisha kosa na pendekezo. Kosa ni lile linalopingana na fomu au na kanuni za kiwango chenyewe. Pendekezo ni la kuboresha tu. Wanaopanga majibu huyashughulikia tofauti, na hoja kumi za nukta na mkato zinaweza kuifunika moja nzito.

Namna ya kuisoma rasimu ni hii. Siku ya kwanza chapisha fomu tupu ya dodoso mnayoitumia, toleo lililoruhusiwa, na kiambatisho kikiwa pembeni. Mtu wa takwimu na mhojaji mwenye uzoefu wakae pamoja. Mmoja peke yake hatoshi. Mhojaji asome swali, mwenzake athibitishe msimbo, jina fupi, majibu na namba zake, moja baada ya jingine. Dodoso la maswali tisa halimalizi saa mbili. Siku ya pili wachukue washiriki watatu wa kubuni: mmoja aliyejibu yote, mmoja aliyeacha swali la katikati, mmoja aliyekataa kuendelea baada ya swali la tatu. Wawaandike kwa kufuata rasimu neno kwa neno. Pale watakapokwama au kubishana, hapo ndipo pa hoja. Siku ya tatu waandike, na wapeleke kabla ya siku ya mwisho, maana siku ya mwisho intaneti nayo huwa na mambo yake.

Washiriki hao tunasema wa kubuni kwa makusudi. Maoni haya huonekana na wengine. Usiambatishe jibu la mgonjwa halisi hata ukiwa umefuta jina. Namba ya mshiriki, tarehe ya mahojiano na jina la kituo kidogo vikikutana humtaja mtu. Usiambatishe pia fomu yenye hakimiliki bila idhini. Taja namba ya swali, inatosha.

Tunajua kinachowazuia wengi ni Kiingereza, kwa kuwa maoni huandikwa kwa lugha hiyo. Lakini jedwali halina ufasaha. Ukurasa, mstari, safu, kilichopo, kinachotakiwa: Kiingereza cha kidato cha pili kinatosha, na hoja zilizo wazi zaidi mara nyingi ni hizo fupi. Mwenye wasiwasi aiandike kwanza kwa Kiswahili, aone kama anajua anachotaka.

Hati ikishatoka rasmi, ifunguliwe tena na kulinganishwa na orodha ya hoja mlizopeleka. Iliyokubaliwa iwekwe kwenye fomu mpya kabla utafiti haujaanza, si katikati yake. Iliyokataliwa iandikwe pamoja na sababu kwenye mpango wenu wa usimamizi wa data, ili anayekuja baadaye asipoteze wiki nzima kuuliza jambo lililokwisha jibiwa.

Wasimamizi wa takwimu za utafiti wa tiba,
Dar es Salaam